Manowari ya 1/350: rangi kwanza, gundi baadaye

Sisi mafundi wa modeli za meli za plastiki, swali tunaloulizwa kuliko yote ni hili: "Meli nimeshaiunganisha yote, imebaki rangi tu. Mtanimalizia kwa bei gani?" Jibu huwashangaza wengi, kwani kupaka rangi manowari iliyokwisha kuunganishwa kunatugharimu saa nyingi kuliko kuijenga upya kutoka kwenye boksi. Hapa tunaeleza sababu, pamoja na mpangilio wa kazi utakaokuwezesha kuimaliza mwenyewe, au kutuachia kipande tu cha kazi.

Mfano wetu ni destroya ya Marekani ya aina ya Arleigh Burke, kipimo cha 1/350, yaani modeli ni ndogo mara 350 kuliko meli halisi. Meli yenyewe, kwa matoleo ya kwanza, ina urefu wa mita 154, hivyo modeli hutoka na sentimita 44. Ukichagua 1/700 utapata sentimita 22, ambayo inatosha rafu ya vitabu lakini inatesa macho.

Modeli ya kifaru cha vita unaweza kukiunganisha chote ndipo ukakipulizia rangi. Manowari ya kisasa haikubali hivyo. Kuta zake zote ni kijivu cha ukungu, FS 26270 (FS ni orodha rasmi ya rangi ya serikali ya Marekani), na sitaha ni kijivu kilichokolea sana, FS 36008. Kila ukuta unaposimama juu ya sitaha, rangi hizo mbili zinakutana kwenye mstari ulionyooka kabisa, na Burke ina mistari hiyo kila kona: kuzunguka jengo la mbele, kati ya mabomba ya moshi, chini ya maboya ya uokozi. Vyumba vikishagandishwa, nafasi iliyobaki kati ya ukuta na ukuta ni milimita mbili tatu. Tepu haiingii, na brashi ikiingia inagusa pande zote mbili. Hapo ndipo saa zinapokwenda.

Kuhusu namba za FS, tarakimu ya kwanza inaonyesha mng'ao tu: 1 ni ya kung'aa, 2 ya wastani, 3 isiyong'aa. Kwa hiyo chupa ya 36270 ni kijivu kile kile cha 26270, kimepunguzwa mng'ao. Chupa ya rangi ya Mr. Color namba 306 ni hiyo hiyo. Usiagize chupa ya pili ukidhani umekosea.

Kwanza ijue meli yako

Kabla ya kukata hata kipande kimoja, amua unajenga meli ya namba gani (DDG ni alama ya destroya zenye makombora). Kuanzia DDG-51 hadi DDG-78 hakuna banda la helikopta, na mirija ya kurushia makombora ni 90: 29 mbele na 61 nyuma. Kuanzia DDG-79 kuna mabanda mawili, na mirija ni 96. Mzinga nao ulibadilika: DDG-81 ndiyo ya kwanza kupewa mzinga mrefu wa milimita 127 wenye urefu wa kipenyo mara 62, wakati za kabla yake zilikuwa na wa mara 54. Kwa 1/350 hiyo ni milimita 22.5 dhidi ya 19.6, tofauti inayoonekana kwa jicho. Ukinunua mtutu wa shaba wa kubadilishia ule wa plastiki, taja namba ya meli kwa muuzaji.

Kiwiliwili

Osha fremu zote za vipande kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, kisha ziache zikauke zenyewe. Mafuta ya kiwandani yanayosaidia plastiki kutoka kwenye kalibu hubaki juu yake, na rangi haishiki mahali palipo na mafuta. Hatua hii haina uhondo wowote, na wengi huiruka.

Kabla ya kufunga sitaha, funga nati. Kati ya makosa yote, hili ndilo linalotuuma zaidi kwa sababu likishapita halirudi nyuma. Toboa matundu mawili chini ya meli, kwenye mstari wa mkuku, moja karibu na omo (mbele) na jingine karibu na tezi (nyuma). Ndani yake weka nati za M3 (za skrubu ya milimita 3) na uzigandishe kwa epoksi ya kuchanganya, si kwa supagluu, kwani supagluu huvunjika nati inaponyongwa. Kuanzia hapo meli inashikwa kwa skrubu kwenye ubao wa kazi, na hutaigusa tena kwa vidole mpaka iingie kwenye kasha lake la kioo.

Gundi ya maji ya plastiki, kama ile ya Tamiya yenye kifuniko cha kijani, hainati kama gundi nyingine. Inayeyusha plastiki ya pande mbili zikawa kitu kimoja. Bana vipande vikiwa vikavu, gusa kiungo kwa ncha ya brashi, na gundi itajivuta yenyewe ndani ya ufa. Kisha subiri saa 24 kabla ya kupiga msasa. Plastiki iliyoyeyuka huendelea kusinyaa, na ukisawazisha mapema, wiki moja baadaye utaona mfereji mwembamba umerudi pale pale chini ya rangi yako nzuri. Msasa wa maji namba 400, kisha 600, kisha 1000 unatosha.

Kama ubavu umepinda, uloweke kwenye maji ya moto yasiyochemka, unyooshe kwa mkono, kisha uushikilie chini ya maji baridi. Ya kuchemka yatakuharibia zaidi.

Mstari wa maji

Wengi hupaka nyekundu ya chini, wakaziba kwa tepu, wakapaka kijivu, halafu wakajaribu kuchora mkanda mweusi katikati. Mkanda hutoka na mawimbi. Sisi huanza na mweusi.

Weka meli juu ya kioo kilichonyooka, funga penseli juu ya kibao chenye kimo sahihi, kisha zungusha kibao kuizunguka meli. Penseli itachora mstari ulio sawa pande zote. Pulizia rangi nyeusi eneo lote linalozunguka mstari huo. Ikikauka, kata tepu ya upana wa mkanda unaoutaka (milimita 3 ni sawa na sentimita 105 za meli halisi, lakini fuata mchoro wa seti yako) na ubandike juu ya nyeusi. Sasa pulizia nyekundu chini ya tepu na kijivu juu yake, ukiziba upande mmoja wakati wa kupaka mwingine. Mkanda mweusi utatoka umenyooka kwa sababu haukupakwa mwisho, ulikuwa umejificha.

Hiyo nyekundu ya chini inafanya kazi iliyo jirani na ya deheni kwenye jahazi, yaani kulinda sehemu inayokaa majini. Kwenye modeli tatizo lake ni chupa: Tamiya XF-9 imeelemea kahawia. Ichanganye na XF-7, nyekundu yao isiyong'aa, kidogo kidogo mpaka ikuridhishe.

Rangi ikipenya chini ya tepu, chanzo ni ukingo ambao haukukandamizwa. Pitisha ukucha, kisha pulizia kwanza pazia jembamba la rangi ile ile iliyo chini ya tepu. Itaziba mianya, na ikivuja haitaonekana. Tepu iking'oka na rangi, rudi kwenye sabuni na praima (rangi ya msingi).

Kwa brashi ya hewa tunatumia pua ya milimita 0.3, mgandamizo wa psi 15 hadi 20, umbali wa sentimita 8 hadi 10, na rangi ya akriliki ya Tamiya ikichanganywa nusu kwa nusu na thina yake ya X-20A. Uso ukitoka na chembechembe kama ganda la chungwa, rangi inakauka hewani kabla ya kufika: sogea karibu au ongeza thina. Thina ya dukani, ile ya magari, usiisogeze, inakula plastiki.

Kwa wateja wa pwani, siku za masika ziacheni rangi za laka. Laka inapokauka haraka hupoza uso wa modeli, unyevu wa hewa unatua juu yake, na rangi inageuka nyeupe kama imepakwa unga. Ikishatokea, mpulizo mwepesi wa thina ya laka ya kukausha polepole mara nyingi huirudisha.

Sitaha na vyumba

Hapa ndipo mpangilio unapolipa. Vyumba, mlingoti, mabomba ya moshi na mizinga vijengwe kila kimoja peke yake, visigandishwe kwenye sitaha. Lakini vijaribishe vikiwa vikavu kabla ya rangi, kwa sababu ufa chini ya ukuta ni rahisi kuuziba leo kuliko kesho. Pulizia sitaha rangi yake. Vyumba vishikize kwenye vijiti vya mishikaki na uvipulizie kijivu cha ukungu. Mahali pote patakapopokea gundi pabandike kipande cha tepu, kwa maana gundi ya kuyeyusha haipiti kwenye rangi; itakunjakunja rangi na kiungo kitaachia.

Vikikauka, visimamishe mahali pake. Kila mstari kati ya kijivu na kijivu utakuwa umenyooka bila tepu hata moja. Ukiona mwanga chini ya ukuta, paka gundi nyeupe ya mbao kwa kijiti na uifute kwa pamba yenye maji. Inabaki ndani ya ufa tu.

Reli za shaba

Reli, yaani uzio wa ukingo wa sitaha, ikiwa ya plastiki yenye unene wa milimita 0.5 ingekuwa na unene wa sentimita 17.5 kwenye meli halisi, sawa na gogo. Ya shaba ya milimita 0.1 inakuwa sentimita 3.5. Hesabu hiyo ndiyo inayofanya wateja walipie shaba. Ikate juu ya kigae cha sakafu kwa wembe mpya, ioshe kwa spiriti, ipulizie praima na rangi ikiwa bado kwenye fremu yake, kisha ubandike kwa nukta za supagluu zinazowekwa kwa sindano. Usimwage gundi mstari mzima: mvuke wa supagluu huacha ukungu mweupe, na kwenye sitaha nyeusinyeusi unaonekana toka mlangoni. Ukungu huo hupotea ukipakwa vanishi.

Kamba za mlingoti hutengenezwa kwa plastiki ya fremu iliyovutwa juu ya mshumaa. Ikilegea baada ya kubandikwa, sogeza kijiti cha udi kinachowaka karibu, bila kugusa. Itajikaza.

Namba na uchakavu

Stika za maji zinahitaji uso unaong'aa. Juu ya rangi isiyong'aa hewa inanasa kwenye vinyweleo vyake, na namba ya omo inatokea na utando wa fedha kuizunguka. Pulizia X-22, vanishi ya Tamiya inayong'aa, subiri siku nzima, loweka stika sekunde 20 au 30, itelezeshe mahali pake juu ya Micro Set, kisha Micro Sol, dawa mbili za kuishikiza na kuilainisha stika. Stika itajikunja kama imeharibika. Iache, usiiguse, italala yenyewe. Funga kwa vanishi isiyong'aa.

Kwenye uchakavu tunazuia zaidi kuliko tunavyoongeza. Ukiiangalia modeli ya 1/350 kutoka nusu mita, umesimama mita 175 kutoka kwenye meli. Kwa umbali huo mstari wa kila bamba hauonekani. Kutu kidogo chini ya nanga na chini ya matundu ya kutolea maji, basi. Mteja akiomba kutu meli nzima tunamfanyia, lakini tunamwambia kwanza.

Ukitaka kutuletea

Kazi tunayoipenda ni ile ambayo mteja amejenga vyumba vyake, hajagandisha kitu kwenye sitaha, na nati zimo ndani. Kama umeshagandisha kwa supagluu, bado kuna njia: modeli ikilala usiku mmoja kwenye friza, viungo vingi huachia kwa kusukumwa kidogo. Ukigandisha kwa gundi ya kuyeyusha, hakuna cha kutenganisha, maana ni plastiki moja, na hapo tutakutajia bei ile inayoshangaza. Rangi ya akriliki tunaitoa, msiihofie.

Katika kusafirisha, skrubu meli kwenye ubao, na ubao kwenye boksi, hewa tupu izunguke pande zote. Pamba na povu vinanasa kwenye reli na kung'oa kila kitu. Wala boksi lisiachwe ndani ya gari lililoegeshwa juani: kiwiliwili kitafika kimepinda, na mlingoti umelala.