Utajiri wa Locronan ulitoka kwenye matanga ya meli

Mhariri,

Locronan, mji mdogo wa Bretagne huko Ufaransa, hutajwa zaidi kwa filamu zilizopigwa pale. Sifa hiyo inafunika kilichozijenga nyumba zake za graniti: kitambaa cha matanga, kilichofumwa kwa nyuzi za mmea wa jamii ya bangi. Mabua yalilowekwa majini mpaka utomvu unaogandisha nyuzi uoze. Yakitolewa mapema, nyuzi hazibanduki. Yakichelewa, nazo zinaoza. Yalianikwa, yakapondwa, nyuzi zikachanwa na kusokotwa, ndipo zikafika kwa mfumaji. Wanunuzi wakubwa walikuwa manowari na meli za biashara.

Soko lilipoanguka, hapakuwa na fedha za kubomoa na kujenga upya. Umaskini ndio uliohifadhi mji. Ulinzi wa sheria ulikuja baadaye, 1924.

Kinachoendelea ni Troménie Kubwa, maandamano ya kidini ya kilomita 12, kila baada ya miaka sita, mwezi Julai. Ya mwisho ilikuwa 2025.

Anayeziba kuta za graniti kama za Locronan atumie chokaa. Saruji hufungia unyevu ndani, na plasta hubanduka.

Msomaji,
Tanga