Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu: Wamiliki wa Magari ya Zamani ya Spoti, Tanga

Ndugu wanachama,

Shughuli za kawaida mnazijua. Mikutano ya kila mwezi Raskazone ilifanyika, isipokuwa mwezi wa mfungo. Muheza tulikwenda, misiba tulihudhuria. Sitarudia.

Nije kwenye jambo linalonong'onwa. Ndiyo, fedha za safari ya Pangani zilitumika kununulia stabilaiza, yaani vidhibiti umeme vya geji za gari, na kumlipa fundi umeme. Nimesikia maneno kwamba mwenyekiti amewanyima watu pilau ya Pangani akanunua vikopo vya bati. Kikao cha kamati kilichopaswa kuamua tulihudhuria watatu tu. Katiba inaruhusu uamuzi wa dharura, nami niliutoa, na mweka hazina alisaini. Waliokaa nyumbani siku ile leo ndio wenye sauti.

Dharura yenyewe ilikuwa nini? Mwenzetu mmoja mwenye gari la Triumph Spitfire aliishiwa mafuta njiani usiku, geji ikionyesha bado yapo. Akanunua boya jipya la tenki, kile kipimo kinachoelea ndani na kuiambia geji kiwango cha mafuta, kwa bei ya kuumiza, hali ikabaki vilevile. Mimi nilimuuliza swali moja tu: na geji ya joto inasomaje? Nayo ilikuwa juu. Geji mbili zikikosea pamoja, usiguse tenki. Tatizo liko kwenye stabilaiza, kile kikopo nyuma ya dashibodi kinachokatakata umeme wa betri ili geji zipate wastani wa volti 10. Kikopo hicho hushika ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia bodi ya gari, kwa bati lake. Kwa chumvi ya upepo wetu wa bahari, bati likishika kutu ethi inapotea, kikopo kinaacha kukata umeme, geji zinapokea nguvu yote ya betri na mishale inapanda. Dereva anaamini ana mafuta kumbe hana. Dawa ilikuwa msasa na skrubu kukazwa.

Kuna aliyepima stabilaiza yake kwa mita ya tarakimu, akaona namba zinaruka kati ya sifuri na 12, akaitupa. Ilikuwa nzima! Zile za zamani ndivyo zinavyofanya kazi. Ndiyo maana nilisisitiza tununue za kielektroniki, zinazotoa volti 10 zilizotulia.

Ikikosea geji ya mafuta peke yake, kwenye MGB na wenzake wenye stabilaiza, chomoa waya wa kijani wenye mstari mweusi kwenye boya, uguse bati la gari kwa muda mfupi, tenki likiwa limefungwa na pasipo harufu ya petroli. Mshale ukipanda hadi juu, geji na waya ni vizima. Kagua boya na ethi ya tenki. Usipopanda, rudi kwenye waya na dashibodi. Haya yote fundi aliyaonyesha siku ya mafunzo, ambayo wengi wenu hamkuja. Mwenye Datsun 240Z alisema hayamhusu, kwa kuwa gari kama lake lilishinda Safari Rally 1971 na 1973. Hongera kwake, ila anaendelea kupima mafuta kwa kijiti.

Hesabu: wanachama 27, waliolipa ada 12, kila mmoja Sh 60,000, jumla Sh 720,000. Salio la mwaka uliopita Sh 410,000. Stabilaiza 8, mita, nyaya, fyuzi na ujira wa fundi Sh 845,000. Chai Sh 90,000. Zimebaki Sh 195,000. Ada zisizolipwa ni Sh 900,000. Kila mtu apige hesabu ya pilau mwenyewe. Na ieleweke kwamba usafiri wa fundi niliulipa mfukoni mwangu, sikudai.

Mwaka ujao tunatarajia, Mungu akipenda, kukagua nyaya za taa na mfumo wa kuchaji, na Pangani tutakwenda hali ikiruhusu. Wazo la gereji ya pamoja Chumbageni bado linazungumzwa.

Stabilaiza 3 bado zipo. Atakayetaka alipe ada kwanza; mweka hazina amekaa pale mlangoni na kitabu cha risiti.

Nawasilisha.

Mwenyekiti