Wito wa harambee: matibabu ya binti yetu wa kwaya ya watoto

Wapendwa katika Bwana,

Jumapili iliyopita kijana mgeni alimpisha binti yetu mlangoni, akainamisha kichwa: "Shikamoo, bibi." Binti ana miaka 9. Aliitikia "marahaba" kwa sauti ya chini, asimtahayarishe mgeni, kisha akaenda benchi la nyuma na kuvuta mtandio mpaka kidevuni. Siku hiyo hakuimba.

Mashavu yake yananing'inia, na ngozi ya shingo imejikunja tangu azaliwe. Si laana, na mnaomnong'ona mama yake tunawaomba mkome. Ugonjwa unaitwa kutisi laksa, nao ni wa kurithi. Nyuzi za elastini, zinazofanya ngozi ikivutwa irudi, kwake ni hafifu kama lastiki ya sketi iliyochoka. Kwa aina aliyo nayo, baba na mama wote wamebeba jeni yenye hitilafu bila wao kuugua wala kujua.

Tungependa kuwaambia upasuaji utamponya. Hapana. Dawa ya kuziunda upya nyuzi hizo haipo. Daktari anaweza kupunguza ngozi iliyozidi usoni, na kidonda kwa kawaida hupona vizuri, ila baada ya muda ngozi huweza kulegea tena. Mwenyewe anautaka hata hivyo, na mama yake ameridhia tuwaandikie. Picha hatutaweka.

Kabla ya kisu kuna vipimo, na hapo ndipo tulipokwama. Nyuzi hizohizo zimo kwenye mapafu na kwenye mshipa mkuu wa damu utokao moyoni. Mshipa huo ukitanuka, au mapafu yakiharibika, hiyo ndiyo hatari yenyewe. Mikunjo haiui mtu. Lazima apimwe moyo na mapafu sasa, na arudiwe kupimwa anavyokua. Ngiri alishapasuliwa akiwa mchanga, kwa michango yenu.

Kwa hiyo tunaona haya kubisha tena hodi. Mmeshaezeka paa la kanisa, na zipo kadi za ahadi za paa hilo ambazo hazijarudi hadi leo, wenyewe mnajijua. Aliyeshindwa kule na aanzie hapa, hata kidogo.

Mchango apewe mweka hazina peke yake, naye atatoa risiti. Mapato na matumizi yatasomwa mbele ya usharika wote.

Mazoezi ya kwaya ni Jumamosi jioni. Ameuliza kama anaweza kusimama mstari wa nyuma.