Mama Neema, nisaidie neno la kusema Jumamosi

Uyole, Mbeya

Mpendwa Mama Neema,

Kamwene dada! Bwana Yesu asifiwe. Natumaini hapo Njombe hamjambo na baridi mnaivumilia. Sisi tupo, Atu anaendelea na shule, baba yake yuko Tunduma kwenye shughuli zake. Tangu Pasaka nimekaa kimya, unisamehe. Mambo ya mdogo wangu Tuma yamenijaa kichwani, na kwa simu yasingeisha.

Umeshasikia kwamba Bahati, mume wake, ameokoka? Mama Subi hawezi kuwa amekuficha. Alisimama kanisani, akatoa ushuhuda mrefu, akalia, na nusu ya kanisa likalia naye. Sasa anamtaka mke wake arudi. Mjomba ameitisha kikao cha ukoo Jumamosi, mchungaji atakuwepo, na mimi kama dada mkubwa nitaulizwa neno. Wote wanasubiri niseme, "Arudi, Mungu ametenda." Naamini Mungu anatenda, tena naamini sana. Lakini neno hilo halinitoki.

Nikueleze nilichokiona. Juzi nilikwenda sokoni kutafuta viazi vya kipaimara cha mtoto wa Ambele, nikamkuta Bahati anapakia lori la Dar. Kijana mmoja akateleza, gunia likapasuka, viazi vikatapakaa kwenye tope. Wewe uliyekuwa jirani yake Mbalizi unajua zamani ingekuwaje. Mkono aliunyanyua kweli. Wapakiaji wote kimya. Halafu akaushusha, akainama, akaanza kuviokota pamoja na yule kijana, anavifuta tope kwa kiroba, bila neno. Machozi yalinilengalenga. Nikasema moyoni, basi, huyu ndiye kiumbe kipya.

Ila sikuondoka hapo hapo. Akaja bibi mmoja wa Uporoto na viazi vyake, Bahati akawaambia vijana wamshindilie lumbesa, gunia la kujaza kupita kipimo, ile yenye kilemba, mpaka wakashona juu kwa kamba. Vipimo vya serikali vinataka gunia lisizidi kilo 100. Lile vijana wanne walilinyanyua kwa kugugumia. Bibi akalalamika. Bahati akamjibu kwa sauti ya upole kabisa, "Bibi, soko ndivyo lilivyo, Mungu atakubariki," akamhesabia pesa ya gunia moja. Dada, upole ule uliniuma kuliko matusi yake ya zamani.

Zakayo hakuambiwa na mtu arudishe. Yesu alipokwenda kwake, mwenyewe alisimama akasema nusu ya mali nawapa maskini, na niliyemnyang'anya kwa hila namrudishia mara nne. Bahati amemrudishia nani? Cherehani aliyoivunja bado iko kwa mama, imefunikwa shuka. Kwenye ushuhuda alitaja pombe, alitaja wanawake, alimtaja shetani. Jino la Tuma hakulitaja.

Mama Subi anasema pepo la hasira limemtoka. Nikamuuliza, pepo gani hilo lililojua nani wa kumpiga? Tajiri mwenye lori alimzungusha malipo yake msimu mzima, Bahati akawa anamwita bosi na kucheka naye. Trafiki akimsimamisha Mlima Nyoka, mpole. Hasira ilikuwa inasubiri mlango ufungwe. Mtu anayeishika hasira yake mchana barabarani anaweza kuishika usiku nyumbani, ila alikuwa hataki. Kwa hiyo hata lile la sokoni, mbele ya macho ya watu, bado nalipima.

Usidhani imani yangu imepoa. Marehemu baba ulimkuta mzee, hukumjua alivyokuwa. Aliokoka sisi tukiwa wadogo, na hasira hazikumwisha mpaka anakufa. Sauti ikipanda, hata kuku walikimbia uani. Lakini baada ya kuokoka hakutugusa tena, na akimkaripia mtu kwa kuonea, usiku haukupita. Alikuwa anakuja na koroboi mpaka kitandani kwetu, anakaa pembeni, anasema, "Mwanangu, leo nimekukosea, nisamehe." Baba wa Kinyakyusa, zamani zile, kumwomba mtoto msamaha! Waefeso wanaambiwa jua lisichwe na uchungu wenu bado haujawatoka. Baba alilishika neno hilo lilivyo. Ndiyo maana nikiulizwa kama Kristo anabadilisha mtu mwenye hasira, najibu ndiyo, nimeona, na najua linavyoonekana. Mtu anamrudia yule aliyemuumiza, anataja kosa kwa jina lake. Hilo kwa Bahati sijaliona.

Na sisi Wamoraviani tusijifanye hatujui. Wazee wetu wa Herrnhut kule Ujerumani walikuwa waumini, wengine wamekimbia makwao kwa ajili ya imani, na bado waligombana vibaya mpaka Zinzendorf, mwenye ardhi aliyewakaribisha, ikabidi aingilie kati. Mei 1727 waliwekewa kanuni za kuishi pamoja, wakatia sahihi. Ile meza ya Bwana ya 13 Agosti tunayoikumbuka kila mwaka, waliposameheana, ilikuja baadaye. Kanuni kwanza, machozi ya furaha baadaye. Wamisionari waliofika Rungwe mwaka 1891 walitoka katika mwenendo huo. Kwa Bahati tumeanza na machozi, kanuni hakuna hata moja.

Mchungaji ananikumbusha kusamehe ni amri. Sawa, na Tuma amemsamehe, aliniambia mwenyewe huku anapeta maharage, wala hakuonekana kuigiza. Lakini kusamehe hakumlazimishi kulala nyumba moja naye kesho. Hata Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake, na dawati la jinsia lipo polisi. Nimemwambia Tuma ajue hivyo, kikao kiseme kitakachosema.

Ninachotaka kupendekeza ni hiki: Bahati kwanza aje kwa mama, aketi mbele ya Tuma, ataje alichofanya, jino na vyote. Alipe cherehani. Mchungaji amfuatilie walau mpaka mavuno yajayo. Na Tuma wakati huo awe mbali kidogo na maneno ya watu hapa Uyole. Ndipo ninapokuja kwako, dada. Unaweza kumpokea? Anashona vizuri sana, na chakula chake nitatuma.

Halafu niambie ukweli wako. Kule Mbalizi uliwahi kumwona Bahati akiomba radhi, hata kwa jambo dogo? Mama mwenye nyumba wenu alikuwa anasema nini juu yake? Yule kaka yako mlokole, wifi yako anasema amekuwaje nyumbani, mlango ukifungwa? Unaonaje, la lumbesa nilitaje kikaoni, au watasema nachanganya biashara na ndoa? Na mjomba akikasirika nimjibu nini?

Nijibu kabla ya Alhamisi, hata kwa ujumbe mfupi, nijue kama nimkatie Tuma tiketi. Wasalimie watoto wote na baba yao.

Ni mimi rafiki yako,
Mama Atu