Mama Baraka, korongo hilo lisifukiwe

Kigogo, Dar es Salaam

Mpendwa Mama Baraka,

Salamu nyingi kwako, kwa Baba Baraka na watoto. Sisi huku hatujambo, ila mama bado miguu inamsumbua.

Habari za mkutano wenu wa mtaa huko Dodoma zimeninyima usingizi. Eti korongo la nyuma ya kwenu limwagwe kifusi, lisawazishwe, likatwe viwanja, kwa kuwa muda mwingi ni kavu! Umeniuliza naonaje, mimi niliyekulia kando ya mto Msimbazi. Naomba mkatae.

Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu kule Kisarawe, unapita Vingunguti na Tabata, unafika kwetu Kigogo, kisha Jangwani, na kuingia baharini kwenye daraja la Selander. Mpango wa jiji wa 1979 uliyaacha mabonde kama haya bila makazi. Lakini watu walitaka pa kuishi karibu na Kariakoo, kwenye riziki, na bondeni ndiko walikomudu. Siwalaumu, ni majirani zangu. Sensa ya 2012 ilituhesabu milioni 4.36; ya 2022, milioni 5.38. Huko juu nako miti ikakatwa, mabati na lami vikafunika udongo uliokuwa ukinywa mvua. Siku hizi mto unashuka kwa kishindo, na mchanga unaoubeba unajaza mkondo wake wenyewe.

Desemba 2011 mafuriko yaliua watu zaidi ya 40 hapa jijini. Waliobaki bila nyumba wakapelekwa Mabwepande, mbali na biashara zao na shule za watoto. Wengine walibaki, hadi mwisho wa 2015 walipochorewa X ukutani, alama ya kubomolewa, na tingatinga likaja. Nilisimama na akina mama wakiokota mabati yao kwenye vifusi, na sitaki kukuona wewe umesimama hivyo. Hata karakana ya mabasi ya mwendokasi, iliyojengwa Jangwani kwa fedha nyingi, imefunikwa na maji mara kadhaa. Mwaka 2022 Benki ya Dunia ikaidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa ajili ya bonde hili: daraja lililoinuliwa zaidi, fidia kwa wanaohama, na bustani pale Jangwani ambapo mto utaruhusiwa kutanuka. Fikiria, tunakopa ili bonde lirudie kazi lililokuwa likiifanya bure.

Sipingi Dodoma kukua. Tangu serikali ianze kuhamia kwenu 2016, lazima watu wapate nyumba, zahanati na barabara. Ila mvua yenu kwa kawaida haifiki milimita 600 kwa mwaka, na sehemu kubwa ya maji ya mjini hutoka visima vya Mzakwe, bonde la Makutupora. Wataalamu walipopitia kumbukumbu za visima hivyo za zaidi ya miaka 50, waliona maji ya chini hayaongezeki kila mwaka. Huongezeka hasa katika misimu michache ya mvua kubwa, kama ile ya El Nino ya 1997/98, maji yakijaa kwenye mito ya mchanga na kuzama. Kwa hiyo msiwaachie watu waseme korongo kavu ni ardhi isiyo na kazi. Maji ya mwaka wa mvua kubwa yatapita palepale, iwe ni mchanga au ni sebule ya mtu.

Mkirudi mkutanoni, ombeni ramani ya mipango miji ibandikwe ofisi ya mtaa kila mtu aione. Waulizeni kuhusu zile mita 60 kutoka mtoni zilizotajwa katika Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Halafu nendeni na pendekezo: viwanja vipimwe kule mwinuko, hata vikiwa vidogo zaidi, na nyumba za ghorofa ziruhusiwe. Migunga ya ukingoni ibaki, maana mche wa kampeni ya kupanda miti utachukua miaka mingi kufikia kivuli chake. Vijana wapewe uwanja wa mpira kwenye sehemu tambarare, wenyewe watalilinda korongo.

Nipigie kabla ya mkutano. Nina picha za Jangwani za mafuriko, nitakutumia umwoneshe mwenyekiti.

Wako akupendaye,
Mama Tumaini