Risala ya Kikundi cha Kina Mama cha Kuweka na Kukopa kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kiharusi Duniani, 29 Oktoba

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mganga Mkuu wa Wilaya, Mheshimiwa Diwani, Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa, wauguzi wetu, wageni waalikwa, itifaki imezingatiwa.

Sisi ni wanakikundi 26. Tulianza kwa kununua hisa na kukopeshana mitaji ya vitumbua na mitumba. Kiharusi hakimo katika katiba yetu. Kilituingilia mwaka jana, mwenzetu wa miaka 27 alipolalamika kichwa akiwa hata hajatoka arobaini.

Kichwa kilianza kidogo, kikazidi siku hadi siku. Akiinama au akilala ndiyo kabisa. Akapewa dawa za malaria. Akaambiwa ni uchovu wa kunyonyesha. Siku ya tisa macho yakaona ukungu, usiku wake akashikwa na degedege, mtu mzima yule, na mkono wa kulia ukalegea. Wapo waliosema ni mashetani na, tukiri mbele yako, baadhi yao ndio sisi hapa.

Picha ya kwanza ya kichwa, ya mashine ya CT, haikuonyesha kitu. Daktari akang'ang'ania nyingine, ya vena, yaani mishipa inayorudisha damu kutoka kwenye ubongo, na bonge la damu likaonekana. Tulizoea kwamba kiharusi ni cha wazee wenye presha, ateri inayopeleka damu kwenye ubongo inapoziba au kupasuka. Kiharusi hiki cha vena huziba njia ya damu kurudi. Daktari alitufananishia na mtaro wetu wa sokoni: takataka zikiuziba wakati wa masika, maji hupanda vibarazani. Ubongo nao huvimba, na pengine damu huvujia ndani yake.

Katika viharusi 100, hiki ni kama kimoja au pungufu. Lakini huwapata zaidi vijana, na wanawake ni kama mara 3 ya wanaume, kwa kuwa damu ya mjamzito na ya mzazi huganda upesi. Vidonge vya majira vyenye homoni ya estrojeni, kuishiwa maji mwilini na usaha wa sikio usiotibiwa navyo huchangia. Hatumwambii mtu atupe vidonge. Aulize zahanati njia inayomfaa.

Alichomwa heparini ya kuzuia damu kuganda, ingawa damu ilikwisha kuvuja kichwani. Shemeji yetu nusura akatae, hadi alipoelezwa kwamba bonge likiachwa likue, msukumo unaovujisha damu kichwani nao utazidi. Akaendelea na vidonge vya wafarini, navyo vya kuzuia damu kuganda, kwa miezi 6, huku ananyonyesha. Leo ndiye mweka hazina wetu. Vidole viwili tu ndivyo bado vizito kwenye kuhesabu noti.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mfuko wetu wa jamii ulilipia vipimo ukabaki mtupu. Tunaomba kila mzazi anayerudi kliniki aulizwe habari za kichwa na macho yake, si kitovu cha mtoto peke yake. Tunaomba pia gari la wagonjwa, maana mwenzetu tulimpeleka kwa bajaji, tumemshika huku na huku. Kwa upande wetu, kila Jumamosi, kabla wenye funguo tatu hawajafungua sanduku, tunaulizana nani kajifungua na anaendeleaje.

Tunaomba kuwasilisha.