Kikao cha maonyesho ya Mwalimu, Jumamosi

Assalaam aleykum ndugu zangu. Tunakutana Jumamosi hii baada ya swala ya alasiri, saa kumi na nusu, uwanja wa Mkunguni mbele ya Ngome ya Lamu, kupanga maonyesho ya picha alizochora Mwalimu wetu mstaafu.

1. Mchango wa fremu: shilingi 500 kila mtu, mwisho Ijumaa.
2. Mwenye picha ya Mwalimu nyumbani aje nayo, iwe ya mikandaa au ya ufuo wa Shela. Za rangi za maji zifungeni vizuri kwa kanga kavu, unyevu huziharibu. Ile ya dele la shaba (birika la kahawa) na maembe mawili, moja limeanza kuiva, naiomba sana. Ndiyo iliyotufundisha kutazama kivuli.

Tafadhali jibuni hapa kabla ya Alhamisi usiku: unakuja? Unaleta picha gani?